Mama kaambiwa ale nyuzinyuzi, kuku wakizila mayai yanakata, nimsikilize nani?

BARUA

Shikamoo Dokta. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Kibaha, nafuga kuku wa mayai mia tatu nyuma ya nyumba na ndo wanaolipa ada na mambo mengine mengi tu ya hapa ndani.

Hawa kuku walikuwa wanataga vizuri, trei nane kwa siku, nawapa chakula cha dukani kile cha mifuko, sasa bei ikapanda mpaka ikawa nikiuza mayai hela yote inarudi dukani. Jirani akaniambia mbona wenzako wanachanganyisha, akanipeleka kwa jamaa ana mashine huku huku mtaani, unamlipa anakuchanganyia hapo hapo unaona. Fomula yake kwa kilo mia ni mahindi ya kuparaza 30, pumba za mahindi 30, mashudu ya alizeti 25, dagaa 6, chokaa 7, halafu 2 zilizobaki ni mifupa na chumvi na premiksi, ule unga wa vitamini na madini. Bei nafuu kweli, nikaona hapa nimepata.

Mwanzoni sikuona tofauti, baadae mayai yakaanza kupungua taratibu, leo saba kesho sita na nusu, sahivi ni trei tano na siku nyingine hazifiki. Na kinachonichanganya wanakula kuliko zamani Dokta! Walikuwa wanamaliza kilo kama 35 kwa siku, sasa wanakwenda mpaka 41 na bado wanadonoa vyombo vitupu, kinyesi kimekuwa kingi, banda nasafisha mpaka mgongo unauma. Chanjo ya kideri wamepata, maji yapo muda wote, taa nawasha kama kawaida, na umri bado hawajafika mwaka.

Mtoto wa dada yangu anasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, akachukua sampuli akapeleka maabara. Majibu yakaja hivi: maji 10, protini ghafi 14.8, mafuta 6, nyuzinyuzi ghafi 11.6, majivu 13, na mstari wa mwisho wa wanga 44.6, zote asilimia. Akasema ma' mdogo shida yako ni hiyo 11.6. Nikarudi nayo kwa jamaa wa mashine, akanicheka, akaniambia dada nyuzinyuzi ni afya, hata hospitali wanawaambia watu wale, sasa wewe kuku wako wanakula dawa unalalamika? Nikakosa cha kumjibu, maana mama yangu mzazi ana sukari na kliniki wamemwambia hivyo hivyo, apunguze sembe ale vyakula vya nyuzinyuzi. Yule jamaa akanifungia na pumba kidogo za bure, anasema mchanganyie mama kwenye uji.

Mama nae kaangalia pakiti ya unga wa dona ninaomnunulia kaona imeandikwa nyuzinyuzi ghafi 2, anasema mbona hakuna kitu humu, bora hizo pumba.

Halafu kuna mwanangu ana sungura wawili, anawapa hicho hicho chakula cha kuku na hawaharishi, ila zamani tulipokuwa tunawapa kile cha dukani walikuwa wanaharisha sana, nikajiuliza hii imekaaje. Na mume wangu anasema mifuko minne iliyobaki tumpe shemeji akalishe ng'ombe wake wa maziwa yaishe tuanze upya. Naomba unisaidie, nyuzinyuzi ni nzuri au mbaya?

Mama Wawili, Kibaha

JIBU

Marahaba Mama Wawili, na hongera kwa kupeleka sampuli maabara, wafugaji wengi mayai yakikata kitu cha kwanza ni kukimbilia duka la dawa kununua vitamini.

Barua yako ina maswali kama manne yamejifunika kanga moja, na ndo maana yule jamaa wa mashine kakushinda kwa maneno. Amechukua sentensi ya nesi wa kliniki akaihamishia bandani. Sasa tuanze na hiyo namba 11.6 inatoka wapi, ukishaielewa hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Pale maabara wanachukua chakula chako kilichosagwa laini, gramu moja au mbili tu, wanakitoa mafuta kwanza. Halafu wanakichemsha kwenye asidi ya salfa iliyozimuliwa sana, asilimia 1.25, kwa dakika 30, wanachuja wanasuuza. Kinachobaki wanakichemsha tena dakika 30 kwenye magadi makali, sodiamu haidroksaidi, nayo 1.25, wanachuja tena. Masalia yanakaushwa yanapimwa uzito, halafu yanatiwa kwenye tanuru la nyuzijoto kama 550 yaungue, yanapimwa tena. Kile kilichopotea kwa moto, basi hiyo ndo nyuzinyuzi ghafi. Njia hii ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1860, kituo cha utafiti wa kilimo cha Weende karibu na mji wa Göttingen, na watu wawili Henneberg na Stohmann, na shida yao ilikuwa mifugo, walitaka kujua chakula kipi kina sehemu kubwa isiyomeng'enyeka. Hawakuwa na habari na uji wa mama yako.

Kwa hiyo ile ni namba ya kitu kilichostahimili asidi, magadi, kikaungua kwenye moto. Humo ndani kuna selulosi nyingi, ule ukuta mgumu wa mmea, na kiasi cha lignini, ule umiti wenyewe. Ila kuna nyuzinyuzi zingine nyingi tu ambazo zinayeyuka njiani na kumwagwa na maji ya kusuuzia, na kwenye cheti chako zinaenda kuonekana kwenye ule mstari wa mwisho wa wanga, maana ule mstari hawaupimi, wanajumlisha vingine vyote wanatoa kwenye mia. Jumlisha uone, 10 na 14.8 na 6 na 11.6 na 13 unapata 55.4, toa kwenye mia inabaki 44.6 yako ile ile. Shika hilo, tutalirudia kwa mama.

Sasa kuku. Kuku hana tumbo la kumeng'enya selulosi. Ana firigisi ya kusagia, ana utumbo mfupi, na vile vifuko viwili mwishoni mwa utumbo ambavyo vina vijidudu kidogo vya kuchachusha lakini kazi yake ni ndogo. Nyuzinyuzi ghafi inaingia inajaza inatoka. Na kuku anakula mpaka apate nguvu anazohitaji, chakula kikiwa chepesi anaongeza kula, ndo hizo kilo 41 zako, ila kuna mahali mfuko wa chakula pale shingoni unajaa na siku inaisha hajafikia. Nguvu zikipungua mwili unajilinda kwanza, yai linasubiri. Kile kinyesi unachozoa mpaka mgongo unauma kwa sehemu kubwa ni maganda ya alizeti uliyoyalipia.

Kwa kuku wa mayai chakula kizuri nyuzinyuzi ghafi huwa inacheza kwenye 5 hivi mpaka 7, mifuko mingi utakuta wameandika isizidi 7 au 8. Wewe uko 11.6. Na usije ukaenda upande wa pili ukataka iwe sifuri, kuku akikosa kabisa vitu vigumu firigisi inalegea na wanaanza kunyonyoana manyoya na kudonoana, kidogo anahitaji. Ila kwake hiyo namba ni dari, unaangalia isivuke.

Inatoka wapi? Piga hesabu mwenyewe kwenye karatasi, haihitaji chuo. Mahindi yana kama 2.3 kwa mia, kwa kilo 30 ni kilo 0.7. Pumba za mahindi kama 11, kwa kilo 30 ni 3.3. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake yanafika 30, kwa kilo 25 ni kilo 7.5 peke yake! Dagaa karibu na hakuna, chokaa hakuna. Jumla 11.5, na maabara wamekwambia 11.6, yaani hesabu ya kalamu na ya SUA zimekutana mlangoni. Mchawi wako ni mashudu, pumba zinamsaidia tu.

Na hapa ndipo jamaa wako pengine hata yeye hajui anachouza, mi sitaki kumhukumu sana. Mashudu ya alizeti hayafanani. Vimashine vingi vya kukamua vya Singida na Dodoma vinakamua mbegu na ganda lake, shudu linatoka na protini kama 22 mpaka 25 na nyuzinyuzi huko kwenye 30. Viwanda vinavyokoboa mbegu kwanza vinatoa shudu la protini 35 na zaidi na nyuzinyuzi inashuka nusu au chini ya hapo. Yote yanaitwa mashudu ya alizeti, na sokoni mifuko inafanana. Wewe chukua kipande cha shudu ukivunje mkononi ukiangalie juani, ukiona vipande vyeusi vyenye mistari myeupe vimejaa na ukivitafuna vinakwaruza kama vijiti, hilo ni la maganda, ng'ombe atashukuru kuliko kuku.

Pumba nazo zina mambo yake. Kwenye fomula yako ni za mahindi, sawa, lakini mahindi yakipanda bei watu wanaingiza pumba za mpunga humo humo. Zile laini kabisa za mpunga hazina neno, nyuzinyuzi zinaanzia kama 7 mpaka 12, ila mashine nyingi za vijijini zinakoboa na kusaga kwa pamoja kwa hiyo ganda la nje linaingia, na ganda la mpunga lenyewe nyuzinyuzi ghafi ni kama 40. Jipimie hivi: chota mkono mmoja tia kwenye beseni la maji ukoroge, subiri kidogo, vile vimashua vya rangi ya dhahabu vinavyobaki juu ni maganda. Au finya ngumi, pumba laini nzuri inashikana ukifungua mkono unaona alama za vidole, yenye maganda inamwagika kama mchanga.

Kwa mchanga sasa, angalia na ule mstari wa majivu. Mchanga haungui, kwa hiyo kwenye nyuzinyuzi ghafi hauonekani, mtu anaweza akakuuzia dagaa wa kuanikwa chini wamejaa mchanga na cheti kikasema nyuzinyuzi safi kabisa. Majivu yako 13 kwa kuku wa mayai ni ya kawaida kwa sababu umeweka chokaa kilo 7, ingekuwa chakula cha vifaranga ningeshtuka.

Turudi kwenye hela maana najua hapo ndo penye maumivu. Zamani kilo 35 zinatoa trei nane, yaani kilo 4.4 kwa trei moja. Sahivi kilo 41 zinatoa trei tano, kilo 8.2 kwa trei moja. Karibu mara mbili. Ili chakula cha jamaa kiwe nafuu kweli ilibidi akuuzie kilo moja kwa karibu nusu ya bei ya dukani, na sidhani kama alifika huko. Watu tunapima bei ya mfuko, wakati tunachouza ni trei.

Fomula ya kujaribu kwa kilo mia, na mwambie akupimie mbele yako: mahindi ya kuparaza 50, pumba za mahindi 14, mashudu ya alizeti 8 hata kama ni ya maganda, soya iliyokaangwa na kusagwa 12, dagaa safi 7, chokaa 8, na kilo 1 ya mwisho ni mifupa, chumvi na premiksi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Nyuzinyuzi ghafi inakuja kama 5.8 na protini karibu 16. Soya ni ghali najua, ila usikubali ya mbichi, mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, utakuwa umelipa na hujapata. Ukipata shudu la alizeti lililokobolewa unaweza kupandisha shudu na kupunguza soya. Usiwabadilishie siku moja, wachanganyie taratibu kama wiki nzima, na mayai usitegemee yarudi kesho yake, wape wiki kadhaa. Kama hayajasogea kabisa baada ya hapo basi tuanze kutafuta ugonjwa, minyoo na mengineyo.

Mama sasa, na hapa naomba uniamini kabisa: zile pumba za bure usimpe. Kwanza ni chakula cha mifugo, hakuna aliyechambua yale mahindi, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi inakaa kwa wingi kwenye sehemu za nje zinazotoka kama pumba. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, sio hadithi. Pili hujui kama ndani hamna maganda ya mpunga, na yale yana madini ya silika makali kama vumbi la kioo, hata firigisi ya kuku haiyapendi sembuse utumbo wa bibi.

Ila nesi wa kliniki kasema kweli. Tofauti ni kwamba nesi anaongelea nyuzinyuzi zote za chakula ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya, zikiwemo zile laini za kwenye maharage, bamia, matunda, ambazo zikiingia tumboni zinatengeneza uteute, sukari inaingia kwenye damu polepole, halafu zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua na mwili unafaidika. Na hizo ndo hizo hizo zilizoyeyushwa kule maabara zikamwagwa na maji ya kusuuzia. Kwa hiyo namba ya nyuzinyuzi ghafi kwenye pakiti ya unga inamdanganya mama, inaonyesha kidogo kuliko kilichopo. Mfano mzuri ni pumba za ngano, kwa kipimo cha Weende zina kama 10 kwa mia, kwa kipimo cha sasa cha nyuzinyuzi za chakula ni zaidi ya 40. Maharage makavu nayo utakuta 4 au 5 kwa kipimo cha zamani, na 15 kwenda juu kwa kile kingine. Dona ya mama iliyoandikwa 2 ukiipima kwa njia inayomhusu inaweza kufika kama 7. Hiyo 2 kwenye unga inatumika kuonyesha unga umekobolewa kiasi gani, inawafaa wenye viwanda kuliko mgonjwa wa sukari.

Na kwa taarifa yako hili jambo la nyuzinyuzi na afya ya binadamu limepikwa sana hapa kwetu Afrika Mashariki. Hugh Trowell alikuwa daktari Kenya na Uganda kwa miaka mingi, Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago pale Kampala, wote wakaona wagonjwa wao wa vijijini, watu wa vyakula visivyokobolewa, hawana yale magonjwa ya utumbo na kukosa choo yaliyojaa Uingereza. Miaka ya 1970 wakalipigia kelele, Trowell ndo 1972 akatoa maana mpya ya nyuzinyuzi kwa kuangalia tumbo la binadamu, akaachana na ile ya asidi na magadi. Yaani bibi zetu na ugali wao wa mtama walikuwa kwenye utafiti bila kujua, na sisi wajukuu tukakimbilia sembe nyeupe.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za chakula kwa siku, zinazotoka kwenye chakula chenyewe. Mama hahitaji kitu cha ajabu kufika hapo. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kinampa zaidi ya gramu 10, kunde na choroko vivyo hivyo, weka matembele au mchicha kila siku, pera moja na mbegu zake, kiazi kitamu na ganda lake kimeoshwa vizuri. Dona sawa, ya mahindi yaliyochambuliwa na kukaushwa, lakini mwambie kabisa dona nayo inapandisha sukari, ugali upungue kwenye sahani na maharage yaongezeke, asije akaona imeandikwa dona akajaza. Aongeze taratibu na anywe maji, akiongeza ghafla tumbo litajaa gesi atawachukia wote wewe na nesi. Na kama anatumia dawa za sukari awaambie kliniki kwamba kabadilisha mlo, wamuangalie vipimo.

Sungura wa mwanao wamenifurahisha maana wao wenyewe wamekujibu swali bila kujua. Sungura anataka nyuzinyuzi ghafi 14 mpaka 18, kwake hiyo namba ni sakafu, akishuka chini ya hapo utumbo unapoteza mwendo, vijidudu vibaya vinashamiri, anaharisha na anaweza kufa haraka sana. Kile cha dukani kizuri cha kuku pengine kilikuwa na kama 6, wakaharisha. Hiki kibovu cha 11.6 kimewasogeza wakatulia kidogo. Ila usiwaache humo, chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno na sungura chokaa ikizidi inamletea shida kwenye mkojo na figo. Mwambie kijana awakatie majani, nyasi zilizokauka kivulini ziwepo muda wote, majani ya viazi yaliyonyauka kidogo, hiyo ndo kazi yake akitoka shule.

Sasa mifuko minne. Namuelewa baba watoto, kasikia ng'ombe anakula nyuzinyuzi na ni kweli, yule ana tumbo kubwa lenye mabilioni ya vijidudu vinavyovunja selulosi, na bila majani ya kutosha hata mafuta kwenye maziwa yanashuka. Tena kwa ng'ombe hata hiyo nyuzinyuzi ghafi haitoshi kumuelewa, ndo maana miaka ya 1960 Peter Van Soest kule Beltsville Marekani alitengeneza kipimo kingine kinachotumia sabuni badala ya asidi na magadi, kinahesabu karibu ukuta wote wa mmea, na wanaofuga maziwa kitaalamu wanaangalia hicho. Lakini mifuko yako ina dagaa, na ng'ombe hapewi vyakula vya nyama na samaki, halafu ina chokaa kilo 7 kwa mia. Shemeji mpe mashudu yenyewe matupu ya maganda ukiyapata bei ya kutupa, hiyo mifuko asiipewe.

Ile mifuko kuku wako wanaweza kuimaliza. Fungua kwanza kila mmoja unuse, uingize mkono mpaka katikati, ukikuta joto, mabonge au harufu ya ukungu huo mwaga, usimpe kiumbe chochote. Iliyo safi changanya ndoo moja ya zamani kwa ndoo tatu za fomula mpya, nyuzinyuzi ghafi itakuja kama 7, wanavumilia. Weka juu ya mbao isiguse sakafu, na ukishaimaliza jamaa akikuuliza kwanini hununui tena, mpe ile hesabu ya kilo 8.2 kwa trei, mwache apige mwenyewe.